Nimetumwa na Bibi

Naandika nikiwa nimekaa chini kwenye sitaha ya nyuma, gizani. Umeme haujakatika, huku hakuna mgao. Nahodha ameagiza taa zote za nje zizimwe kwa sababu ya wadudu. Juzi usiku mtu alisahau kuzima moja, ile ya karibu na ngazi, na asubuhi tukakuta ukuta mzima umejaa nondo, wengine wapana kama kiganja changu, wametulia tuli kama mabango ya wagombea wiki moja baada ya uchaguzi. Mhudumu mmoja, Mfilipino, alikuwa anawabandua taratibu kwa ufagio laini huku anawasemesha kwa lugha yake. Sasa mwanga pekee upande huu ni wa kompyuta yangu, na tayari kuna kijidudu cha kijani kinatembea juu ya herufi M kana kwamba kimepanga chumba.

Kesho alfajiri tunafika Manaus, mji wa Brazili ulio ndani ya msitu wa Amazon. Kesho kutwa naingia msituni, siku tatu kuchwa kucha. Wenzangu wanakwenda kuvua piranya, kumulika mamba kwa tochi na kupiga picha pomboo wa rangi ya waridi. Mimi pia nitafanya hayo, sitajifanya mtakatifu. Ila mimi nimetumwa.

Kwa wanaouliza nimefikaje huku: chuo ninachosoma Marekani kinaruhusu mwanafunzi wa mwaka wa tatu kusomea muhula mmoja mahali pengine. Wengi walichagua Hispania au Italia. Mimi niliona ubaoni tangazo la Semester at Sea, mpango wa meli inayozunguka dunia ikiwa na madarasa ndani, ulioanza mwaka 1963. Nikaomba ufadhili kwa kujaribu bahati tu, nikapata. Meli yetu ina urefu wa mita 180 hivi, ina maktaba, madarasa, na wanafunzi mia kadhaa ambao karibu wote hawakuwahi kukutana na Mmakonde. Tulipanda Nassau mwezi huu wa Januari, tukapita Dominica, na baada ya Brazili tunavuka kwenda Ghana, kisha Cape Town, Mauritius, India na kuendelea. Nimeangalia ramani: tutakapokatiza Bahari ya Hindi tutapita mbali sana na Mtwara. Nimenuna.

Ada walinilipia, lakini kulewa bahari nililipa mwenyewe. Kutoka Dominica hadi mdomo wa mto nilikuwa mtu wa kulala chali na kuhesabu misumari ya dari. Dawa ya humu ni tofaa la kijani na biskuti kavu. Sitaki tena kuona tofaa la kijani.

Halafu maji yakabadilika. Tulikuwa hatujaona nchi kavu, lakini asubuhi hiyo nilipochungulia dirishani bahari ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilidhani kioo kimechafuka, nikakifuta kwa mkono wa sweta. Kumbe ni mto. Mto wenyewe uko mbali huko mbele, lakini umeshaisukuma bahari mpaka hapa. Darasani mhadhiri akatuambia kwamba kati ya maji yote ambayo mito ya dunia inamwaga baharini, takriban sehemu moja kwa tano inatoka kwenye Amazon peke yake. Niliiandika daftarini, nikaacha kumsikiliza.

Mimi nimezaliwa Newala.

Asiyeijua Newala nimweleze. Mji uko juu kabisa, kwenye uwanda wa Makonde, na udongo wake mwingi ni mchanga. Mvua ikinyesha, ardhi inaibugia yote, huoni ilikokwenda. Juu kule hakuna mto wala kijito. Maji yako chini, bondeni. Mama alipokuwa msichana walikuwa wanaamka saa tisa usiku, wanashuka mteremko na ndoo, wanarudi jua limeshapanda na nusu ya maji yameshamwagika shingoni. Kizazi changu kilikuta bomba, bomba lenye hiari yake, na visima vya saruji vya kukingia maji ya mvua kwenye nyumba zenye bati. Nilijua kuoga kwa makopo matatu kabla sijajua kuandika jina langu.

Na leo niko juu ya mto ambao kuna mahali ukisimama katikati huzioni kingo zote mbili, halafu tunatangaziwa kwa kipaza sauti kwamba tubane maji! Meli hujitengenezea maji ya matumizi kwa kuchuja ya bahari. Ndani ya mto huu mitambo inafungwa, tope lisije likaiziba, kwa hiyo tunaishi na yaliyomo kwenye matangi hadi tutakapotoka. Bwawa la kuogelea limekaushwa. Mwenzangu wa chumbani, binti wa Ohio, alipoambiwa aoge dakika tatu alihuzunika kama aliyeletewa taarifa ya msiba. Nikamwambia, dakika tatu? Mimi nitakurudishia na chenji.

Karibu na mji wa Macapá, mahali panapoitwa Fazendinha, mashua ilikuja ubavuni, wakapanda marubani wa Kibrazili kwa ngazi ya kamba. Nilifurahi kulikuta neno rubani kwenye makazi yake. Siku hizi tumelipandisha ndege tukasahau kwamba lilikuwa la majini. Hawa ndio wanaojua fungu limehamia wapi mwaka huu, maana mto huu unabeba mchanga, unajenga kisiwa, unachoka nacho, unakibomoa. Macapá ipo juu ya Ikweta yenyewe. Wana hata uwanja wa mpira ambao inasemekana mstari wake wa katikati ndio Ikweta, kipindi cha kwanza unalinda goli la kusini, cha pili la kaskazini. Wenzangu walishangilia kuvuka. Sherehe rasmi, ile ya kunyoa vipara na kubusu samaki, wameisogeza mpaka tutakaporudi baharini. Mimi sikupiga makelele. Newala iko karibu nyuzi 11 kusini, na nilikuwa nimekaa kaskazini miaka miwili na nusu bila kurudi. Nilisimama pale kwenye reli nikajiona mtu aliyeingia uani kwao kwa mlango wa nyuma.

Sasa shida yangu humu melini. Tangu wiki ya kwanza ilipojulikana kwamba natoka Tanzania, nimekuwa mtaalamu wa msitu. Watu wananifuata nikiwa na sahani yangu ya wali. Nyoka yupi ni wa kukimbia na yupi ni wa kusimama tuli? Ukisikia kitu kinapumua usiku, unafanya nini? Je, ni kweli buibui hawapendi harufu ya moshi? Siku za mwanzo nilikuwa nasema ukweli. Ukweli ni kwamba sijawahi kukanyaga msitu wa mvua maishani mwangu. Newala ni mikorosho, mihogo, vichaka na mchanga. Msitu wa Rondo uko mkoa wa jirani, Lindi, nimeusoma shuleni. Amani na Udzungwa nimeziona kwenye kalenda za benki. Lakini nikisema hivyo naona wanavunjika moyo, kama mtoto aliyeambiwa sikukuu imeahirishwa. Basi jana kijana mmoja aliponiuliza kuhusu nyoka nilimwambia kwa sauti nzito: "Msikilize ndege." Ameondoka ameridhika. Mungu anisamehe.

Ninachokiogopa mimi si nyoka. Naogopa kutoona mbali. Pale Newala kuna ukingo unaoitwa Shimo la Mungu, ardhi inakatika ghafla, na chini yake unaona bonde lote la Ruvuma, na ng'ambo ya mto unaona Msumbiji imelala kwenye ukungu. Nimekua nikiwa na mahali pa kupeleka macho. Tangu tuingie mtoni nimekuwa nautazama huu ukuta wa kijani, pande zote mbili pale mto unapobana, na macho yanagonga, yanarudi. Kuna nyumba za mbao juu ya nguzo, kuna watoto kwenye mitumbwi wanaotupigia kasia wayachezee mawimbi ya meli, halafu nyuma yao mti, nyuma ya mti, mti. Kijana wa Ohio, si yule binti, mwingine, aliita "utulivu." Kila mtu na macho yake.

Maandalizi nimeyamaliza. Cheti cha homa ya manjano ninacho, ile kadi ya njano niliyochomwa sindano Dar kabla ya safari ya kwanza. Dawa ya kuzuia malaria nameza, na hapo nilibishana na daktari wa meli, kwamba mimi malaria tumekua pamoja. Akaniambia kwa upole kwamba kinga ile haidumu. Ukikaa miaka bila kuumwa na mbu wa kwenu, mwili unasahau. Nilimeza. Nina tochi ya kichwani, nguo za mikono mirefu, na wavu wa kulalia ambao Wabrazili huuita rede, unafungwa kati ya nguzo mbili na mtu analala ndani yake kama samaki aliyenaswa. Tulifanya mazoezi ya kuupanda ukumbini. Nilianguka mara mbili. Mtaalamu wa msitu.

Kuna siku moja darasani sitaisahau. Tulikuwa tunajifunza kuhusu wenyeji wa Brazili, wale waliokuwepo kabla ya Mreno, na mhadhiri akaonyesha picha ya Raoni, kiongozi wa Wakayapó, mzee maarufu duniani kwa kupigania msitu wa bonde la Xingu. Anavaa kisahani cha mbao kwenye mdomo wa chini, kikubwa. Ukumbini palipita mguno, halafu vicheko vidogo, si vya ubaya, vya kushtuka. Mtu nyuma yangu akasema, "Anakulaje?"

Mikono yangu ilipata baridi. Kwa sababu jibu nalijua. Anakula vizuri tu. Bibi yangu mzaa mama ana nembo uso mzima, mistari na pembe zilizochanjwa akiwa msichana, na mdomo wake wa juu una tundu la ndonya. Ndonya yenyewe aliivua zamani, mimi niliikuta sandukuni imefungwa kwenye kitambaa. Raoni chake kiko chini, cha Bibi kilikuwa juu, basi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nalala nikichezea zile chanjo za shavuni mwake kwa kidole, nikizifuata kama barabara. Nilitaka kunyosha mkono darasani niseme hayo. Sikunyosha. Nimekuwa nikijilaumu siku nne sasa, ndiyo maana naandika hapa: wenye vicheko mlikuwa mnamcheka na Bibi yangu, na yeye angewacheka zaidi, mnavyokula saladi bila chumvi.

Bibi huyo huyo ndiye aliyenituma.

Nilimpigia kutoka Roseau, Dominica, kwa kadi ya simu, kwenye simu ya mjomba.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umeshafika?"

"Bado, Bibi. Sasa tunakwenda Brazili. Kuna mto mkubwa, halafu tutaingia msituni."

"Kufanya nini?"

"Kutembea tu. Kuona."

Kimya. "Mtu mzima anaingia porini kuona?"

Nikamweleza kwamba ni sehemu ya masomo. Akauliza wenyeji wa huko wanasema lugha gani. Nikasema Kireno. Nilipolitamka nilitamani nilirudishe. Bibi ni mzaliwa wa ng'ambo, upande wa Mueda. Alivuka Ruvuma vita vya kudai uhuru vilipoanza, 1964 au mwaka uliofuata, yeye hahesabu kwa miaka, huhesabu kwa mtoto aliyekuwa mgongoni. Kireno anachokijua ni salamu mbili tatu, maneno ya kuamrisha, na palmatória, kile kibao chenye matundu walichokuwa wanapigiwa viganjani. Neno hilo hulitamka vizuri kabisa, herufi zote.

"Wareno wako huko?"

"Hapana Bibi, Wabrazili. Na wao walitawaliwa na Wareno."

Akafikiri. "Basi wakikusalimu, usijibu haraka."

Ili kubadilisha mazungumzo nikamwambia jambo nililolisoma: kwamba Brazili ndiko kwao muhogo. Kwamba Wareno ndio walioutoa Amerika ya Kusini wakauleta Afrika, na kabla ya hapo haukuwepo kwetu. Nilidhani nitamfurahisha.

"Nani kasema?"

"Chuoni, Bibi."

"Muhogo wa Mueda tuliukuta. Na mama yangu aliukuta." Kimya tena, nasikia kuku wa mjomba. Kisha akasema, sauti imebadilika, sauti ya mtu anayehesabu: "Haya. Kama ndiko kwao, waulize mchungu wanautoaje sumu. Waulize wanawake, usiulize wanaume. Usiniletee picha za nyani."

Anayedhani swali hilo ni la utani hajakua kwenye muhogo mchungu. Tunaulima kwa makusudi: hauliwi ovyo na nguruwe wala nyani, na hukaa ardhini ukikusubiri. Lakini una sumu, ile inayozaa sayanaidi, na usipotengenezwa vizuri unaua au unalemaza. Kwetu tunamenya, tunapasua, tunaanika juani siku nyingi mpaka yawe makopa makavu, ndipo tunatwanga unga. Mwaka wa kawaida inatosha. Mwaka wa njaa watu hawana subira ya siku nyingi, na ukame wenyewe unauzidishia muhogo uchungu. Mwaka 1981, mkoani Nampula, kusini ya kwao Bibi, watu zaidi ya elfu moja walipooza miguu, wengi wanawake na watoto. Wenyewe wakauita mantakassa. Niliuandikia insha mwaka jana na mwalimu akanipa alama nzuri. Sikumwandikia kwamba dada yake Bibi aliolewa huko kwa Wamakua, na mtoto wake mmoja anatembea kwa fimbo mbili mpaka leo.

Kwa hiyo nimeanza kazi kabla ya kushuka. Humu melini kuna kijana Mbrazili, mzaliwa wa Belém, amepanda nasi ili atupe masomo ya lugha na nchi kabla hatujafika. Yeye ni mwanamume, lakini kwa dharura nikamuuliza. Akaniambia bibi yake yeye ndiye ajuaye, lakini alichokishuhudia ni hiki. Mizizi inamenywa, inakunwa yote ikiwa mibichi, si kukaushwa. Lile rojo linajazwa kwenye kitu kinaitwa tipiti, mfuko mrefu mwembamba uliosukwa kwa ukindu wa porini, mrefu kuliko mtu. Unatundikwa kwenye boriti, chini yake unapitishwa mti, mtu anaukalia. Mfuko unavutika, unajinyonga wenyewe, na maji ya sumu yanachuruzika. Machicha yanachekechwa na kukaangwa kwenye chuma kipana mpaka yawe punje kavu, farinha, wanayonyunyizia kila chakula. Na yale maji hawayamwagi! Wanayaacha yatuame, chini wanapata wanga, juu wanayachemsha muda mrefu mpaka sumu iishe, wanapikia samaki na bata. Inaitwa tucupi.

Nilimwomba anichoree tipiti. Amechora kitu kinachofanana na soksi. Nimekihifadhi.

Nikamuuliza na kisamvu. Akasema kwao majani ya muhogo yanapikwa pia, chakula cha sikukuu, maniçoba, majani yanasagwa halafu yanachemshwa siku saba. Nilimwambia arudie. Siku saba, mchana na usiku, ndipo yanatiwa nyama. Sisi kisamvu tunakitwanga kinuni mpaka kilainike kabisa, na kutwanga huko kunaachia sumu nyingi, kisha jikoni ni saa chache, unatia nazi au karanga au korosho. Niliandika yote hayo kwa barua pepe kwa mjomba amsomee Bibi. Jibu limekuja kwa mstari mmoja: "Bibi anasema, siku saba kwa kuni za nani?"

Nikashangaa. Nimekuja kuchukua ujuzi kwa wenye muhogo, kumbe na sisi tuna kitu cha kuwaambia. Kijana wa Belém hakuwahi kusikia mtu anatwanga majani yale kwenye kinu. Aliniomba nimchoree kinu na mchi. Kinu changu kimetoka kizuri kuliko soksi yake.

Masomo yake ya Kireno nimeyahudhuria nyuma kabisa, kimya, nikifuata agizo la kutojibu haraka. Lakini ni lugha inayokuvizia. Meza ni mesa. Bendera, leso, foronya, karata, mvinyo, parafujo, vyote ni vyao. Gereza letu lilikuwa igreja yao, kanisa, nalo ni fumbo ambalo Bibi angelifumbua bila kwenda chuo. Kuna maneno mengine ambayo hata si ya Mreno, aliyazoa kwa wenyeji wa Brazili akaja nayo pwani yetu. Kanju, tunda la mkorosho, ni caju, neno la Watupi. Nanasi pia ni la kwao. Na hapo nikamwona kijana wa Belém anacheka, kwa sababu wao wenyewe siku hizi tunda hilo wanaliita abacaxi. Yaani neno moja la wenye nchi limetoroka, limekaa Newala sokoni, kwao limeachwa.

Na mkorosho ndio huo. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mikorosho ya baba, na msimu ikinyauka kwa ukungu nilikaa nyumbani mpaka salfa ipatikane. Mti huo Wareno waliuleta pwani yetu katika karne ya 16, na sisi tukaufanya wetu kiasi kwamba mtu wa Mtwara ukimwambia mkorosho ni mgeni anakutazama kama umemtukana mkwewe.

Kesho basi. Marubani wanasema karibu na alfajiri, kabla tu ya mji, tutapita mahali ambapo Rio Negro, mweusi kama chai ya rangi, unakutana na Solimões wenye tope, na mito hiyo miwili inatembea bega kwa bega kilomita sita hivi bila kuchanganyika. Mmoja una joto zaidi na unakwenda polepole, mwingine ni baridi na una haraka. Nimetega saa kumi na nusu. Manaus yenyewe iko upande wa maji meusi, ambayo yana tindikali na mbu hawayapendi, hiyo ni habari njema kwa watu wote. Tutafunga kwenye gati linaloelea, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, maana mto hapo hupanda na kushuka mita 10 na zaidi kwa mwaka. Mita kumi! Mjini kuna jumba la opera la mwaka 1896, la enzi za utajiri wa mpira, ule wa utomvu wa miti, nitalipitia kama muda upo. Utajiri huo uliisha baada ya Mwingereza mmoja, Henry Wickham, kuondoka na mbegu zipatazo 70,000 za mpira mwaka 1876. Zilipelekwa London, miche ikapelekwa Asia, na miaka thelathini na kitu baadaye mashamba ya huko yakaizika Manaus.

Nayataja haya ya mbegu kwa sababu ya tangazo la jioni hii. Tulikuwa tunakula, kipaza sauti kikakohoa: hairuhusiwi kushuka na chakula chochote kutoka melini, matunda, mbegu wala jamii ya karanga, sheria ya nchi tunayoingia. Na mimi kebini nina mfuko wa korosho za Newala, zilizobanguliwa na mama kwa mkono, zikaja Marekani na mtu wa Masasi, nimezitunza tangu Desemba bila kugusa. Nilikuwa nimepanga niwape wale wanawake wa tipiti. Ndiyo ingekuwa njia ya kuanza kuuliza, huwezi kwenda nyumba ya mtu mikono mitupu ukamhoji sumu.

Nilikwenda kwa afisa wa meli nikamweleza kwamba korosho hizi kwa asili ni za hukohuko, zinarudi kusalimia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema hapana.

Basi nimezileta hapa sitahani. Binti wa Ohio amekuja, na kijana wa Belém amekuja, tunakula gizani kwa kupapasa, na kila mtu anajifanya hachukui mbili mbili. Kijana wa Belém ametafuna ya kwanza kwa makini sana, akasema ni nzuri, kweli nzuri, ila za Ceará ni kubwa zaidi.

Nimemnyang'anya mfuko. Zimebaki kumi na moja.